Kuba Isiyokuwapo: Mchoro wa Andrea Pozzo Ukitazamwa kutoka Tongoni

Mtu atokaye Tanga mjini kuelekea Pangani, akisha kuyapita mashamba ya mkonge na minazi, hufika Tongoni, mahali ambapo jina lake lenyewe lakumbusha neno tongo, yaani makao yaliyohamwa. Hapo pana magofu ya msikiti na makaburi zaidi ya ishirini yaliyojengwa kwa matumbawe na chokaa, baadhi yakiwa na nguzo zilizosimama na mengine nguzo zake zimeanguka na kulala majanini. Tulifika huko pamoja na wanafunzi wa mwaka wa tatu kwa ajili ya somo la historia ya dini katika pwani yetu. Hatukuwa na nia hata kidogo ya kuzungumza juu ya sanaa ya Italia.

Lakini jioni ile wazee wa usharika mmoja ulio katika njia hiyo walitujia na swali. Kanisa lao limekamilika kuta na mabati, na ukuta ulio nyuma ya madhabahu bado ni mtupu. Wamempata fundi wa kuchora, kijana hodari ambaye amekwisha kuchora katika hoteli na maduka ya mjini, naye amewaletea ubao wa mfano. Tuliuona. Amechora tao lenye nguzo mbili, na ndani ya tao ngazi zinazopanda mpaka mawinguni penye nuru, na kazi hiyo ameifanya kwa ustadi kiasi kwamba mtoto wa mzee mmoja alijaribu kupenyeza mkono wake. Wazee walicheka walipotusimulia, kisha wakauliza kwa uzito: "Wachungaji, je, jambo hili laruhusiwa katika kanisa la Kilutheri?"

Tulijibu upesi kwamba laruhusiwa, tukataja uhuru wa Kikristo, tukanywa chai na kuagana. Tukiwa njiani tulitambua kuwa jibu letu lilikuwa sahihi nalo halikutosha. Wazee hawakuwa wakiuliza tu kama sheria inakataza. Walikuwa wakiuliza picha ya namna ile hufanya nini katika nyumba ya ibada. Makala haya ni jaribio la kuwajibu upya, na ili tusiseme kwa kubahatisha tumeona vema tuuchunguze mchoro mmoja ambao katika jambo hili umefika mbali kuliko karibu mingine yote, kazi ya Mwitalia ambaye jina lake ni nadra kutajwa katika madarasa yetu.

Andrea Pozzo alizaliwa mwaka 1642 katika mji wa Trento. Msomaji ataukumbuka mji huo: ndipo ulipofanyika, kati ya mwaka 1545 na 1563, mtaguso uliowajibu Warekebishaji, nao katika kikao chake cha mwisho ulitoa tamko la kutetea picha takatifu. Pozzo aliingia katika Shirika la Yesu mwaka 1665 akiwa bruda, wala hakupata upadre maisha yake yote. Aliitwa Roma mwaka 1681. Huko Wajesuiti walikuwa na kanisa kubwa la Mtakatifu Ignasio, lililoanza kujengwa mwaka 1626, nalo lilikuwa na upungufu mmoja wa aibu: mahali pale ambapo kuba ilipaswa kuinuka juu ya makutano ya kanisa palikuwa hapana kitu. Wengine husema fedha zilikwisha, wengine husema majirani walikataa kuzibiwa mwanga. Pozzo akajitolea kuchora kuba. Alipaka rangi za mafuta juu ya kitambaa cha turubai chenye upana wa mita 17 hivi, kikapandishwa na kulazwa bapa mahali pa kuba mwaka 1685. Kipo mpaka leo, ingawa kimewahi kuharibika na kurekebishwa.

Tulipokuwa masomoni Ulaya tulipata nafasi ya kusimama chini yake. Katika sakafu ya kanisa hilo pamewekwa duara la jiwe, na mgeni huelekezwa asimame hapo. Ukisimama hapo na kuinua macho, huoni turubai. Waona nguzo zimezunguka kwa jozi, madirisha katikati yake, kisha tumbo la kuba likiinuka kwa vyumba vyumba vya mapambo mpaka kwenye kijumba cha mwanga kileleni. Nuru yaingia upande mmoja na upande wa pili una kivuli kama ipasavyo. Twakiri kwamba tulishtuka. Hatukuwa tumeambiwa, na kwa muda wa dakika kadhaa tuliamini kabisa kuwa juu yetu pana kuba. Kisha tukatembea kuelekea madhabahuni. Baada ya hatua chache kuba ikaanza kulala upande. Nguzo zikapinda, duara likawa yai, na tulipofika mbele kabisa tuliona wazi kitambaa cheusi cheusi kilichonyooshwa juu ya shimo. Tukarudi kwenye jiwe, na kuba ikasimama tena.

Sanaa hii Waswahili wanalo neno lake: kiinimacho. Kwa kawaida neno hilo hutumika kwa wale wanaocheza sokoni, na baadhi ya wasomaji huenda wakaona tunamdhihaki bruda mcha Mungu kwa kumwita hivyo. Sivyo. Kiinimacho cha Pozzo ni hesabu tupu. Kila mstari umevutwa kutoka katika jicho la mtu aliyesimama mahali pamoja palipochaguliwa, na yeye mwenyewe aliieleza njia hiyo hatua kwa hatua katika vitabu viwili vilivyotoka Roma mwaka 1693 na 1700, ili fundi yeyote aweze kuifanya. Zaidi ya hayo aliipa maana ya dini: aliwashauri wachoraji wavute mistari yao yote kuielekea nukta moja ya kweli, ambayo ni utukufu wa Mungu.

Naye hakukosa ucheshi. Wasanifu wa majengo walimlaumu kwamba nguzo za kuba yake amezisimamisha juu ya vishikizo vinavyochomoza ukutani, jambo ambalo mjenzi mwenye akili hawezi kulifanya. Pozzo alijibu kwamba rafiki yake mmoja mchoraji ameahidi kulipa hasara yote siku nguzo hizo zitakapoanguka. Kwetu jibu hili ni la thamani kuliko kurasa nyingi za nadharia. Mtu aliyelisema alijua vizuri kuwa kuba yake haipo, na hakutaka mtu yeyote aondoke Roma akidhani ipo.

Hapo ndipo tunapotofautiana na ndugu mmoja mwalimu ambaye, tulipomsimulia habari hizi, aliamua papo hapo kuwa kazi ya Pozzo ni uongo ndani ya hekalu. Uongo humficha mdanganywa ukweli. Jiwe lililo sakafuni halifichi. Lasema: simama hapa utaona, ondoka hapa hutaona. Mwenye kutaka kugundua hila ana njia iliyo wazi ya hatua ishirini. Plinio wa kale anasimulia juu ya wachoraji wawili wa Kigiriki walioshindana, mmoja akichora zabibu zilizowadanganya ndege na mwingine pazia lililomdanganya mchoraji mwenzake, aliyeomba lifunuliwe. Lakini hata katika kisa kile furaha yote ilipatikana baada ya kugundua. Picha ya kiinimacho isiyogunduliwa kamwe haina sifa yoyote kwa mchoraji wake.

Basi tusimshtaki Pozzo kwa udanganyifu. Shitaka letu ni jingine, nalo latoka katika sehemu mbili.

La kwanza ni la kichungaji. Kuba ile yasimama kwa ajili ya mtu mmoja aliye mahali pamoja. Kanisa likijaa watu siku ya sikukuu, wale walio kwenye jiwe ni wachache mno. Waliobaki wote, walioketi pembeni, wazee walio karibu na mlango, wanakwaya, mama anayembembeleza mtoto nyuma ya nguzo, wanaona kuba iliyopinda. Hata mhudumu mwenyewe, akiwa madhabahuni, yuko mahali ambapo kuba imeanguka. Kwenye dari ya kanisa hilohilo Pozzo alichora baadaye, kati ya mwaka 1691 na 1694, mchoro mwingine mkubwa wa chokaa mbichi, na humo mabara manne yamewekwa kandokando, Afrika akiwa mwanamke mweusi aliyekaa juu ya mamba. Nuru yatoka katikati na kumfikia yeye mwisho. Hatutaki kumhukumu mtu wa karne ya 17 kwa vipimo vyetu, ila msomaji wa Tanga atatusamehe tukisema kwamba tulitafuta mahali petu katika picha ile na kujikuta ukingoni, juu ya mnyama ambaye hakuna mtu wa Pangani angekubali kumkalia.

La pili ni la kitheolojia. Katika Majadiliano ya Heidelberg ya mwaka 1518, hoja ya 21, Luther aliwatofautisha wanatheolojia wawili: yule wa utukufu, ambaye huyageuza mabaya kuwa mema na mema kuwa mabaya, na yule wa msalaba, ambaye hulitaja jambo jinsi lilivyo. Wanafunzi wetu huikariri hoja hiyo wakati wa mitihani. Ni mara chache wanaitumia kutazama ukuta. Kanisa la Mtakatifu Ignasio lilikuwa na pengo. Pengo hilo lilikuwa kweli yake: fedha kidogo, majirani wakaidi, kazi isiyokwisha, yaani hali ya kanisa lolote duniani. Kuba ya rangi ililifunika pengo kwa utukufu. Mtu akiingia haoni tena kwamba jambo limekosekana. Tungekuwa na mashaka na mahubiri ya namna hiyo, nasi tumeyasikia mengi: yale yanayomwonyesha mfiwa, kabla hajalia, mbingu zilizopambwa vizuri mno.

Ieleweke hatusemi hivi kwa sababu ya kuchukia picha. Mwezi Machi mwaka 1522 Luther alitoka Wartburg akarudi Wittenberg kuhubiri siku nane mfululizo, na moja ya sababu ilikuwa vurugu za wale waliokuwa wakivunja picha makanisani. Alisema picha si lazima wala si haramu, tuko huru kuwa nazo au kutokuwa nazo. Mwaka 1525 alikwenda mbali zaidi akasema kwamba asikiapo habari za Kristo, apende asipende, huumbika moyoni mwake sura ya mtu aliyetundikwa msalabani. Na kama si dhambi kuwa nayo moyoni, kwa nini iwe dhambi kuwa nayo machoni? Mapokeo yetu basi ni ya watu wenye picha. Swali ni picha gani.

Miaka mia moja na zaidi kabla ya Pozzo, mwaka 1547, mwaka mmoja baada ya kifo cha Luther, liliwekwa katika kanisa la mji wa Wittenberg dhabahu lililochorwa katika karakana ya Lucas Cranach. Sehemu yake ya chini ni ubao mrefu mwembamba. Kulia Luther amesimama mimbarini, mkono mmoja juu ya Biblia, mwingine umenyooshwa. Kushoto ni usharika, wanaume, wanawake na watoto. Katikati ni Kristo aliyesulibiwa. Chumba ni kitupu: ukuta wa mawe na sakafu. Cranach alijua vizuri jinsi ya kukipa chumba kina, na rangi zake ni za mafuta kama za Pozzo, lakini hakuna anayejaribu kupenyeza mkono humo. Msalaba umesimama sakafuni bila kutoboa sakafu. Nguo ya Kristo yapeperuka ingawa chumbani hamna upepo. Picha hiyo yakiri kwamba macho ya mwili hayaoni hivi. Kristo yumo kwa sababu anahubiriwa, na usharika unamwona kwa masikio. Wala hakuna jiwe la kusimamia. Ukiitazama kutoka kushoto au kulia, msalaba ungali katikati.

Hapa kwetu Afrika Mashariki pia upo mfano ulio karibu na moyo huo. Elimo Njau, mwana wa Kilimanjaro, mwaka 1959 alichora katika kanisa la Kianglikana la Murang'a, Kenya, michoro mitano mikubwa ya maisha ya Kristo, akamweka Bwana katika mandhari na miongoni mwa watu wa nchi ile. Hakuna anayedhani kwamba ukuta umetoboka. Ila kila aingiaye hujua habari hii imetokea kwake.

Turudi sasa Tongoni, kwa maana huko ndiko tulikoanza kufikiri. Asubuhi ya siku ya pili, kabla ya jua kuwa kali, tuliyatembelea makaburi tena. Katika nguzo za makaburi ya pwani wajenzi wa zamani walizoea kupachika mabakuli ya kauri yaliyoletwa kwa bahari kutoka mbali, hata China. Kunduchi yapo yaliyosalia. Tongoni yameondolewa, na katika nguzo yamebaki mashimo ya mviringo, safi kabisa, kila shimo kwa kipimo cha bakuli lake. Mwanafunzi mmoja alitia ngumi yake ndani ya shimo mojawapo akasema, "Huyu hakuchora bakuli. Aliliweka." Tuliandika maneno hayo katika daftari.

Huu ni ufundi ulio kinyume kabisa na ule wa Roma. Pozzo alichukua mahali patupu akapajaza kwa mfano wa kitu. Mjenzi wa Tongoni alichukua kitu chenyewe akakijengea mahali. Na kitu kilipoibwa au kuvunjika, mahali pamebaki patupu na panasema hivyo. Wale waliozikwa walikuwa Waislamu, na hatutaki kuwabatiza kwa makala. Lakini hatuoni aibu kujifunza kwao jambo lililo karibu sana na ungamo letu. Huko Marburg, Oktoba 1529, Luther aliandika kwa chaki juu ya meza maneno ya Bwana kuhusu mwili wake, akayafunika kwa kitambaa, na hakukubali neno "ni" ligeuzwe kuwa "ni mfano wa". Kwa ajili ya neno fupi hilo umoja wa Warekebishaji ulivunjika, na mtu anaweza kulia juu ya jambo hilo. Hata hivyo sisi tungali upande wake. Katika Meza ya Bwana hakuna jitihada ya kuyafanya macho yaamini. Mkate waonekana mkate, divai divai. Kilichopo hakionekani, na kinachoonekana ni kidogo kuliko kilichopo. Kuba ya Pozzo ni kinyume chake: kinachoonekana ni kikubwa kuliko kilichopo.

Tuongeze jambo moja ambalo laweza kuonekana ni la kando. Katika mafungu ya bahari hiyohiyo ya Mtangata, mwezi Januari 1499, Vasco da Gama aliichoma moto merikebu yake São Rafael, kwa kuwa mabaharia waliosalia hawakutosha kuiendesha. Mwaka uliotangulia ilikuwa imekwama hapohapo. Sanamu ya mbao ya malaika Rafaeli iliyokuwamo iliokolewa, na imehifadhiwa Lisbon. Watu wa Tongoni walitazama jahazi la wageni likiungua na sanamu yake ikichukuliwa. Sanaa ya Kikristo ilipita hapa ikiwa mali ya safarini, haikumsemesha mtu. Wamisionari wa Bethel walipofika Mlalo mwaka 1891 walianza kwa neno na shule, na huenda ndiyo sababu kuta za makanisa yetu ya Usambara na Tanga zimekaa tupu hivyo, na ndiyo sababu ubao wa kijana yule fundi umewagusa wazee kwa nguvu. Miaka zaidi ya mia moja macho yamefunga. Hatuna haki ya kuyalaumu kwa kuwa na njaa.

Basi tuliwaandikia wazee barua. Tulisema kwamba jibu letu la kwanza lasimama: wanaruhusiwa. Tukawaomba hata hivyo wasichore tao wala ngazi, kwa kuwa kila Jumapili watu watatazama mlango ambao hauingiliki nyuma ya meza ambayo inaingiliwa na wote, na walioketi pembeni wataona ngazi zimepinda. Kama wanataka mchoro, fundi na achore jambo lililotendeka, msalaba au mkutano wa Emau, kwa namna ambayo mtazamaji atajua ni rangi juu ya ukuta. Na kama fedha hazitoshi, waache ukuta mtupu bila kuona haya. Tulishauri pia kwamba kijana asiachiliwe aende zake. Mkono wake ni kipawa, na mtu anayeweza kumdanganya mtoto kwa rangi anaweza pia kufundishwa kumhubiria.

Wanafunzi hawakuafikiana na barua hiyo wote. Mmoja, ambaye baba yake ni mwinjilisti huko Muheza, alisema tumewaandikia kama watu ambao kuba zao zimekwisha kujengwa. Watu wa usharika ule, alisema, hawajawahi kuona jengo lenye kimo chochote. Nusu saa ya kudhani kwamba mbingu imefunguka nyuma ya mchungaji wao haiwezi kuwadhuru kuliko mabati yanavyowadhuru wakati wa joto. Tulimjibu kwa kumtajia tena Heidelberg. Alituuliza kama tuliposimama Roma juu ya lile jiwe tulimshukuru Mungu au hatukumshukuru. Tulimshukuru. Hilo tulilazimika kulikiri mbele ya darasa, na hatujui bado namna ya kulipatanisha na yote tuliyoandika hapo juu.

Jibu la wazee lilifika baada ya majuma sita, kwa mkono wa dereva wa basi. Wanashukuru kwa barua. Wameisoma katika kikao mara mbili. Juu ya mchoro hawajapatana, ila wamegundua kwamba ukuta ule una unyevu unaopanda kutoka chini, na fundi amewaambia kuwa hakuna rangi itakayoshika mpaka plasta ibanduliwe. Wameanza kuibandua.